Kiingereza cha Kisima

Mwaka wa 1988, ndani ya basi la Kisumu kwenda Pap Onditi, mbele yangu waliketi Elsie, muuguzi wa zahanati moja ya kijijini, na mwalimu mstaafu aitwaye Zadock. Hawakujuana mpaka walipojulishana safarini, Elsie akatoa ripoti ya mtafiti wa chuo kikuu kuhusu kisima cha kijiji.

"Samahani, Mwalimu. Hapa ameandika maji ni 'not necessarily unsafe'. Maana yake nini?"

Zadock alivaa miwani, akakohoa kama anayefungua mkutano. "Ni rahisi, sista. Si lazima kwamba maji si salama."

"Kwa hivyo ni salama."

"Hapana, hajasema hivyo."

"Basi ni mabaya."

"Hilo pia hajasema. Hicho ndicho Kiingereza cha wasomi."

Alisema kwa fahari, utadhani kisima amekichimba yeye.

"Mwalimu, juzi nimelaza watoto wanaoharisha," Elsie akasema polepole. "Huyu mtu aliyapima maji ama aliyaogopa?"

"Aliyapima. Lakini msomi hujiachia mlango wa kutokea."

"Na sisi tunaokunywa, tutatokea wapi?"

Zadock akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Basi likasimama. Elsie aliteremka, kisha akaja dirishani. "Akina mama wananingoja pale. Niwaambie wachemshe ama wasichemshe?"

Mwalimu alifikiri mpaka kondakta akagonga bodi ya basi liondoke.

"Waambie," akajibu, "si lazima wasichemshe."