Jacinta Kavata, Aliyewalisha Wajawazito wa Xintang

Ndugu waombolezaji, mimi ni Japheth, kaka mkubwa wa Jacinta, nasoma haya hapa Guangzhou kabla hatujamsafirisha kwenda nyumbani Mutomo, ambako mama yetu anatusikiliza kwa simu.

Jacinta alizaliwa Mutomo, Kitui, tarehe 3 Novemba 1984, mwaka wa ukame, akiwa na kilo moja na nusu, mdogo kiasi kwamba shangazi zetu waliogopa kumpa jina. Alisoma huko huko, akamaliza kidato cha nne mwaka 2002, akauza mitumba soko la Gikomba, Nairobi, na Mei 2009 akaja huku China, akawa wakala wa wanunuzi wa jinzi katika viwanda vya Xintang.

Aliolewa na Cyrus tarehe 14 Aprili 2012, wakajaliwa binti mmoja, Fiona, tarehe 9 Agosti 2014. Katika mimba hiyo aligunduliwa kuwa na kisukari na presha, daktari akamweleza kwamba mtoto aliyekosa lishe tumboni huweza kuzaliwa na figo dhaifu na mwili uliozoea kubana matumizi ya chakula, na ukubwani, chakula kikiwa tele, magonjwa hayo humwandama kwa urahisi.

Desturi yetu wafanyabiashara mnaijua, kuzunguka viwandani tangu asubuhi na kula baada ya mzigo kukamilika, lakini Jacinta, mbishi tangu utotoni, alimketisha kila mteja mjamzito juu ya robota la jinzi, akamfungulia bakuli la githeri, mahindi na maharagwe ya kwetu, na bei haikutajwa mpaka amalize, hata laoban, yaani bosi wa kiwanda, alijifunza kungoja. Wengine wenu mko hapa na watoto wenu.

Figo zilishindwa mwaka 2022, naye akatutoka hospitalini tarehe 4 Machi 2025, akiwa na miaka arobaini.

Mama, tangu usikie maneno ya daktari umekuwa ukijilaumu, na Jacinta aliniagiza nikujibu mbele ya watu. Mwaka ule wa ukame, ukiwa na mimba yake, chakula kidogo kilichopatikana ulitupa sisi watoto, ukalala na maji, na Jacinta alisema hukumnyima, mligawa pamoja.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomsafisha damu, majirani waliompikia bila chumvi, na wenzake wa Xintang waliofunga maduka leo.

Pumzika kwa amani, Kavata, mama tutamtunza sisi tuliokula sehemu yako.