Caleb Hakuja Kula

Benchi la Mama Félicité, muuza kahawa, ni ubao wa lori lililochomwa njia ya Aru. Tangu kofia za bluu, askari wa Umoja wa Mataifa, waje Bunia na risasi zipungue mjini, wazee wa kijiwe wamerudi kukaa hapo kila alasiri, ingawa huko Djugu vita bado. Mwisho mmoja hukaa Mathieu, anayeitwa Nizi kwa sababu alichimba dhahabu kwenye machimbo ya Nizi mpaka vita vikamfukuza. Mwisho wa pili hukaa Vital, yaani Redio, na hakuna ajuaye kifungo chake cha kuzimia. Katikati hukaa Baudouin, muuza mawese, Tani Mbili kwa jina la kijiweni. Akikaa yeye, ubao hubonyea na wenzake wawili huinuka kidogo. Siku hiyo alikuwa na kikombe mkononi na hofu tumboni, jirani kabisa na ngiri yake, maana kesho yake asubuhi angepasuliwa.

Dokta Clémence alikuwa amemwonya mapema apunguze mwili kwanza, la sivyo dawa ya usingizi ingemsumbua kupumua. Baudouin alikubali. Lakini siku zile nani angejikabidhi mikononi mwa watu ambao hajala nao sahani moja? Basi kila Jumapili akawaita watu wa hospitali nyumbani kwake, na kila Jumapili akaonja kwanza yeye mwenyeji, ili wageni waone chakula hakina sumu. Kuonja kwa Tani Mbili mnakujua. Kilo zikapanda badala ya kushuka, dokta akasogeza siku, naye akawaita tena. Sasa ngiri imeanza kukaza na hakuna kungoja tena. Wote walikuja kula isipokuwa mmoja, Caleb wa dawa ya usingizi. Na Caleb alikuwa mtu wa upande ule, upande ambao vijana wake na vijana wa kina Baudouin waliuana mwaka uliopita.

— Mutu mwenye anataka kukutendea mubaya, hawezi kukula kwako, alisema Nizi.

— Na dokta, alikula? aliuliza Redio.

— Alikula, Baudouin akajibu. Hata mboga ya sombe aliongeza.

— Basi dokta iko muzuri, alisema Redio. Lakini yeye anakata tu. Mwenye kukulalisha ndiye mwenye kukuamusha.

Baudouin akanywa funda la kahawa. Hilo hasa ndilo lililomnyima raha. Kisu hakukiogopa, kwani alishapita kwenye vizuizi vya watu wenye mapanga. Aliogopa kulala usingizi mzito huku mtu wa upande ule amesimama kichwani pake, akiamua aamke au asiamke.

— Miye nilisikia, akaendelea Redio, ile dawa wanapimaka na kilo za mutu. Ule Caleb anangoja unenepe, apate sababu ya kumwanga chupa yote!

— Weye Redio, toa batri! alisema Nizi.

— Ngoja! Huko Ulaya kuko watu wanalipa wakatwe tumbo ikuwe kadogo, wasikule sana.

Kijiwe kizima kiliangua kicheko, na Mama Félicité akaweka birika chini asije akalimwaga.

— Wanalipa? akauliza Nizi. Siye hapa vita inatupunguza bure!

— Ndio naambia ninyi! Kesho Tani Mbili ataamuka na tumbo ya mutoto. Kipande kengine watashonea Caleb. Sasa munajua juu ya nini hakule kwake: iko anaweka nafasi!

Baudouin alicheka mpaka ngiri ikamkumbusha, akaishika kwa kiganja. Alipenda kucheka nao, lakini kicheko hakikuondoa kitu.

— Kesho nitalala na jicho moja, akasema.

Mwanamke mmoja mwenye kitenge cha kijani alikuwa amesimama mbele yao.

— Muzee Baudouin iko hapa?

— Ni miye, mama.

— Bwana yangu ananituma, Caleb wa dawa ya usingizi. Anasema kuanzia sasa usitie kitu mu kinywa mpaka kesho. Hata kahawa.

Akakitoa kikombe mkononi mwa Baudouin, polepole, kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu. Kisha akakaa ukingoni, Nizi akisogea, akainywa ile kahawa iliyobaki.

— Mama... alianza Redio.

— Agathe.

— Mama Agathe, utusamehe. Bwana yako, juu ya nini hakuje kukula kwa muzee? Wenzake wote walikuja.

— Nani alimuita?

Redio alimtazama Nizi, Nizi akamtazama Baudouin, Baudouin akatazama mikono yake mitupu. Dokta, Baudouin alimwita mwenyewe, mlangoni kwake. Wauguzi aliwaita barazani hospitalini. Lakini Caleb hakumwita; alimngoja tu aje na wenzake, na kila asipokuja, moyo ulimwambia: si unaona?

— Kila Jumapili, siku ya Mungu, anavaa shati ya misa, anakaa ku mulango, alisema Agathe. Anasema, labda leo watatuma mutu.

Aibu ilimpanda Baudouin mpaka masikioni. Akainuka, na Nizi na Redio wakashuka kwa kishindo.

— Nyumba yenu iko wapi?

— Ng'ambo ya daraja.

Tangu mapigano, hakuna mtu wa kijiwe aliyevuka daraja lile. Wala hakuna aliyemuuliza Agathe alivyolivuka yeye, peke yake, ili kuleta ujumbe.

— Twende. Namuita miye mwenyewe, akule kwangu leo hii.

Alipiga hatua mbili, akasimama.

— Lakini mama, siwezi kuonja mbele yake. Yeye mwenyewe amenikataza.

— Atakula hivyo hivyo, bila weye kuonja, alisema Agathe. Na kesho weye utalala.