Gramu Arubaini na Sita za Kostiki

Nawasalimu nyote, mliokaa mikekani na mliobanana pale mlangoni. Mwenyekiti wetu aliniomba nije niwaeleze nilivyoianza biashara ya sabuni. Nikamwambia nitakuja, lakini nitaeleza nilivyoiharibu. Akacheka, akidhani natania. Mama mwenyekiti, sikuwa natania.

Wengi mwanijua. Mimi ni yule wa kucheka ovyo, ninayeimba nikipanda ngazi. Shule niliachia kidato cha pili. Kemia niliipenda kwa rangi zake tu. Hesabu zake zikifika, mimi nachora maua pembeni mwa daftari.

Sabuni nilijifunza kwenye simu. Kilo moja ya mafuta ya nazi, gramu mia na themanini za kostiki, ile dawa kali nyeupe inayogeuza mafuta yakawa sabuni. Namba hiyo niliishika kama namba ya simu ya mamangu. Wakitaka sabuni kidogo naikata nusu, wakitaka nyingi naizidisha mara mbili, na kila mara inakubali. Basi kichwa kikavimba. Nilishaziona sabuni zangu kwenye vibanda vya watalii karibu na Ngome ya Yesu, zimefungwa karatasi za kung'aa, na picha yangu juu. Ndugu zangu, nawaambia, picha yenyewe nilikuwa nimeshapiga, nimeshika kidevu hivi.

Jirani yetu mmoja alikuwa anamwoza binti yake. Binti huyo tumeruka kamba pamoja tangu hatujui kusoma. Akanijia akanambia, "Nitengenezee sabuni yangu ya kujitayarishia. Laini, si ile ya kila mtu."

"Nitakutengenezea ya simsim," nikamwambia. "Ngozi yako itateleza hata nzi asipate pa kutua."

Si mwajua simsim ndiyo tunayowapaka watoto wachanga? Nikaona hapo nimepatia. Nikapima kilo moja ya simsim na kostiki mia na themanini, kama siku zote. Mafuta ni mafuta, nilijiambia. Sabuni ikatoka ngumu, na juu yake pana ungaunga mweupe. Sikujiuliza ule unga umetoka wapi. Niliupangusa kwa kitambaa, nikafunga utepe, nikapeleka.

Siku ya kumsinga bi harusi, kumsugua kwa manukato mpaka ngozi ing'ae, ilifika. Tulikuwa chumba cha ndani, wanawake watupu. Somo wake, yaani kungwi wake, ni bibi mtu mzima ambaye amewatayarisha maharusi wengi hapa mtaani, na singo yake huitwanga kwa mkono wake: liwa, karafuu, mawaridi makavu na manjano. Shangazi wa bi harusi alikuwa na maneno yake.

"Msugueni sawasawa, mume asije akadhani tumempa gunia la makaa!"

"Na wewe shangazi walikusugua kwa nini?" bi harusi akamjibu. "Kwa jiwe?"

Tukacheka mpaka tukashikana. Mimi mwenyewe nikampaka sabuni mikono yote miwili, nikaliacha povu likae kidogo ili simsim iingie. Kisha somo akaja na singo yake akapaka juu. Yale manjano yakageuka. Yakawa mekundu, wekundu wa tofali la kuchoma, mbele ya macho yetu.

"Inawasha," bi harusi akasema. Halafu, "Inachoma! Somo, inachoma!"

Sasa sikilizeni aibu yangu. Katika kemia yote niliyofundishwa, nilikumbuka jambo moja: asidi huua ukali wa alkali. Kostiki ni alkali, ndimu ni asidi. Nikakimbilia jikoni, nikakata ndimu, nikamkamulia mikononi. Juu ya ngozi iliyokwisha kuungua! Alipiga yowe ambalo nalisikia mpaka leo. Mama yake ndiye aliyenisukuma kando, akamvuta hadi bafuni, akawa anammiminia maji kata baada ya kata. Maji ndiyo yaliyomfaa, halafu hospitali.

Lakini mmeelewa maana ya ile ndimu? Maana yake nilijua. Mtu hakimbilii ndimu kama hajui kwamba ni kostiki. Nilijua papo hapo kuwa ni sabuni yangu.

Shangazi akasimama katikati ya chumba. "Hii singo ina nini? Mbona imegeuka damu?"

Macho yote yakamwangukia yule bibi. Naye akatazama bakuli lake, akalinusa. Mimi nikafungua kinywa changu hiki nikasema, "Huenda manjano yaliharibika."

Bibi alilifunika bakuli kwa kanga yake akatoka polepole, na hakuna aliyemsindikiza. Harusi ikasogezwa mbele wiki tatu, mikono ipone. Mtaani ikawa ni habari hiyo moja: singo ya bibi yule inaunguza.

Baada ya siku mbili, bibi akabisha kwetu. Nilitamani kujificha uvunguni. Akakaa, akatoa lile bakuli.

"Mwanangu, wewe mambo haya ya dawa wayajua. Hebu niangalizie singo yangu. Mimi naitwanga tangu sijaolewa hata mara ya kwanza, na nimeolewa mara tatu." Akatabasamu kidogo. "Nataka kujua nilipokosea, nisije nikamuunguza mtoto mwingine."

Hakuja kugomba. Alikuja kujifunza, kwangu mimi! Nililipokea bakuli. Akaondoka akinishukuru.

Nikachukua bakuli na kipande cha sabuni iliyobaki, nikaenda kwa mwalimu mmoja mstaafu wa kemia, anakaa kichochoro cha pili. Nilitaka nini? Nitawaambia ukweli. Nilitaka aniambie kwamba manjano yalikuwa mabovu.

Akasema, "Manjano ni mazima. Yakikutana na alkali huwa mekundu. Hata sabuni nzuri huyageuza. Kwa hiyo rangi haitatwambia kitu. Nipe hesabu zako."

Nikampa. Akaniuliza, "Ukienda kwa wavuvi Liwatoni ukanunua kilo ya dagaa na kilo ya changu, vichwa ni sawa?"

"Si sawa. Vya dagaa ni vingi."

"Basi kostiki haijui kilo. Inahesabu vichwa. Kila chembe ya mafuta inataka chembe tatu za kostiki, haipungui, haizidi. Chembe za mafuta ya nazi ni nyepesi, ndiyo dagaa, kwa hiyo kilo yake ina nyingi. Za simsim ni nzito, ni chache. Kilo ya simsim yatosha gramu mia na thelathini na nne. Wewe ulitia ngapi?"

"Mia na themanini."

"Toa."

Nikatoa kwa vidole. "Arubaini na sita."

"Hizo hazikupata mafuta ya kushikana nayo. Zimekwenda wapi?"

"Zimebaki ndani ya sabuni."

"Hapana, binti. Zimekwenda kwenye mikono ya mtoto wa watu."

Nililia pale hadi mwalimu akaenda kuniletea maji.

Kesho yake nikaomba wanawake walewale wakutane chumba kilekile, na bibi awepo. Nikasimama nikasema yote: sabuni, ule unga niliopangusa, ndimu, na uwongo wa manjano. Shangazi akapiga kofi paja. "Kumbe! Na biriani yetu ya siku ile ukala!" Kweli, nilikula.

Bi harusi alinitazama na bendeji zake. "Ungesema siku ileile," akanambia, "ningekuwa nimeungua mikono tu."

Bibi yeye aliuliza jambo moja. "Kwa hiyo singo yangu ni nzima?"

"Ni nzima, bibi."

Akajifuta macho kwa ncha ya kanga. Baada ya wiki tatu akamsinga bi harusi upya, kwa mkono uleule. Mimi nilikaa mlangoni. Sikuitwa ndani, na sikustahili kuitwa.

Namshukuru mama yule kwa akili yake ya maji. Namshukuru mwalimu, ambaye sasa hunifundisha hesabu za kemia kila Jumamosi, na maua sichori tena. Na wenzangu watengeneza sabuni, nawasihi: kila mafuta yana namba yake, ukibadilisha mafuta piga hesabu upya. Kostiki ikimgusa mtu ni maji, maji mengi, ndimu iacheni kwenye mchuzi. Na ukikosea, sema saa ileile, kabla kosa lako halijapata mtu mwingine wa kumkalia.

Jambo la mwisho. Wako ambao bado hawamwiti yule bibi kwenye harusi zao, kwa sababu uwongo wangu ulitembea na mimi siwezi kuufikia kila mlango. Nisaidieni. Mkisikia mtu akisema singo ile inaunguza, mwambieni si singo, ni sabuni, na aliyeitengeneza mmemwona kwa macho yenu, amesimama hapa, amekiri.