Kuku Aliyemkimbiza Bwana Kitambi

Tarehe 30 Juni 1984, Ndugu Albano Chilumba, mchoraji wa katuni wa Kitengo cha Picha za Elimu hapa Chang'ombe, anastaafu baada ya kulitumikia taifa kwa miaka ishirini na miwili. Kamati ya Sherehe imeniomba niandike wasifu wake kwenye programu hii ya kumuaga, uwe mfupi, wa kuchangamsha, na usio na malalamiko. Ufupi nitajaribu. Kuchangamsha, tutaona. Hilo la tatu wangemtafuta mtu mwingine.

Ndugu Albano, ambaye humu ndani tulianza kumwita Mzee hata kabla hajafika miaka arobaini, alizaliwa Ndanda mwaka 1929, mtoto wa mchonga vinyago. Alipokuja Dar es Salaam alipata kibarua cha kuandika vibao vya maduka kule Temeke. Mwaka 1962 serikali ilitafuta watu wa kuchora mabango ya kampeni ya kusoma na kuandika, naye akapeleka bango la mbuzi anayekula daftari. Walicheka, wakamwajiri. Mwaka uliofuata alikuja mwalimu mmoja kutoka Ulaya ya Mashariki, akakaa nasi miezi tisa kutufundisha kuzifanya picha zitembee. Alipoondoka alituachia kamera, meza ya taa, na kitabu ambacho mpaka leo hakuna aliyeweza kukisoma. Elimu yetu ya katuni ndiyo hiyo, hakuna nyingine.

Kwa wale wanaodhani katuni ni mchezo wa watoto, naeleza tena kwa mara ya mia. Ili kuku atembee kwa sekunde moja, mtu anachora kuku kumi na wawili. Filamu ya dakika saba na nusu ni kuku elfu tano na mia nne, na kila mmoja anachorwa juu ya karatasi ya plastiki, anapakwa rangi, anapigwa picha peke yake. Plastiki hizo zilitoka nje na hazikutosha hata siku moja. Kwa hiyo picha ikishapigwa, mchoro unaoshwa kwa sabuni ili plastiki ichorwe tena. Niliosha mimi mwenyewe, kwenye ndoo, pale bombani nyuma ya ofisi. Anayeuliza michoro ya asili iko wapi, ajue ilishaondoka na maji machafu zamani. Kilichobaki ni mkanda wa filamu tu.

Filamu yenyewe ilimchukua Mzee Albano miaka mitatu, ikakamilika 1966. Inamhusu Bwana Kitambi, mtu wa tai na tumbo, asiyegusa jembe, mwenye gunia la sukari alilolificha uvunguni. Kuku wake anachoshwa naye, anamkimbiza kijiji kizima mpaka anamtumbukiza kwenye tope la shamba la mpunga, na huko wanakijiji wanampa jembe. Basi. Mtoto wa miaka mitano anaielewa.

Ili aujue mwendo wa kuku, Mzee Albano alileta kuku wa kweli ofisini. Miezi minane! Kuku huyo alitaga kwenye droo yangu ya gundi, nami nikalalamika kwa maandishi mara nne, na barua zote nne zilirudi zina picha ya kuku pembeni. Krismasi ya 1965, dereva wetu wa gari la sinema, Ndugu Marselino, alimgeuza kuku yule mchuzi. Mzee Albano alimnunia wiki tatu. Kisha akamfuata kumwuliza kama mapaja yalikuwa magumu, kwa sababu alitaka kujua misuli yake ilikaaje. Ndiye mtu niliyefanya naye kazi, na mnashangaa kwa nini nina mvi.

Marselino aliizungusha filamu ile Ubungo, Tegeta, mpaka Boko, enzi hizo Boko ni mashamba matupu. Shuka jeupe lilifungwa kwenye minazi miwili, na watu walicheka mpaka wakakaa chini. Watoto walirudi nyumbani wanatembea wametoa matumbo mbele. Bibi Tabu wa Tegeta alimwambia mumewe, mbele za watu, ainuke mkekani upesi kabla kuku wao hawajasikia habari hizi. Ujumbe ulikuwa umefika. Mngeiacha hivyo hivyo, si ndiyo? Thubutu!

Mwaka 1968 Kamati ya Ukaguzi ikasema watoto wanampenda Kitambi, na mnyonyaji hatakiwi kuchekesha. Tope na jembe vikakatwa. Mwaka 1973 wakaona gauni la mke wa Kitambi halifiki magotini. Likakatwa pamoja na mwenye gauni. Mwaka 1978 mjumbe mmoja, mwenyewe mnene kiasi chake, akahisi lile tumbo linamsema yeye. Sasa tumbo unalikataje ukamwacha mwenye tumbo? Kitambi mzima akaondoka. Likabaki gunia la sukari uvunguni, nalo mwaka jana likaonekana baya, kwa kuwa katika msako wa walanguzi watu walikuwa wanakamatwa kwa magunia ya kweli. Jamani! Filamu iliyowasema walanguzi miaka kumi na saba kabla ya msako, inakatwa kwa ajili ya msako!

Mkasi ulikuwa wangu. Niliagizwa, nikakata. Kila mara Mzee Albano alitoka nje akakaa barazani mpaka nimalize. Baada ya mara ya tatu alimaliza mwaka mzima bila kunisalimia.

Leo filamu ina dakika tatu na sekunde kumi. Kuku anatimua mbio kijiji kizima peke yake, hamkimbizi mtu, anajigonga mlangoni, anapiga makelele, halafu linatokea neno Mwisho. Ilipoonyeshwa Boko mwaka jana, katibu wa kijiji, Ndugu Projestus, alituandikia barua kuishukuru serikali kwa elimu ya kideri, ule ugonjwa unaoua kuku. Dalili zote wameziona, akauliza chanjo inakuja lini. Mnadhani wakubwa waliona aibu? Barua ilibandikwa ubaoni, na filamu ikaandikishwa upya: Mifugo, namba 41. Mimi nililia kwa hasira. Mzee Albano alicheka mpaka akashika ukuta.

Sasa macho yake yanapofuka. La kushoto limeshazima, na daktari amemwambia la kulia liko njiani. Jumatatu anapanda basi kurudi Ndanda. Kamati ilipomwuliza kama angependa saa ya ukutani, alijibu kwamba saa ni ya mtu anayeiona. Alichoomba ni kitu kimoja: aitazame filamu yake nzima, mara moja tu, wakati jicho hili moja bado lipo. Alijibiwa kwa barua rasmi kwamba vipande viliteketezwa kwa mujibu wa maagizo, na kwamba filamu namba 41 itaonyeshwa kwa heshima yake. Saa wameshanunua.

Programu hii nimeipiga chapa mwenyewe asubuhi ya leo. Kamati haikuipitia, ilisema inaniamini. Basi someni vizuri. Maagizo ya kuteketeza vipande nililetewa mimi. Mara nne niliandika kwamba nimetekeleza, na mara nne nilidanganya. Vipande vyote vilikuwa kwenye kopo la biskuti chini ya meza yangu, kila kimoja na tarehe yake. Hata Mzee Albano sikumwambia, maana hajui kuficha furaha, angetuponza wote. Wiki hii nimeviunganisha kimoja kimoja kwa gundi. Rangi imepauka na kuna mahali picha inaruka, lakini Kitambi yumo na tumbo lake, mkewe yumo na gauni lake, na sukari iko uvunguni. Kipengele cha sita, kilichoandikwa Filamu ya Mifugo, dakika tatu, kitachukua dakika saba na nusu. Projekta anaiendesha Marselino, na chumba chake kina komeo kwa ndani. Mjumbe atakayekereka, chakula kiko nyuma ya ukumbi.

Mzee Albano, kama maandishi haya ni madogo, Felicitas wa masjala aliyeketi jirani yako atakusomea. Ahsante kwa kuku elfu tano na mia nne. Nisamehe kwa kukuacha uamini vimeungua, miaka yote hii. Tunakuombea safari njema, afya, na banda lililojaa kuku wazima ambao hakuna wa kuwafanya mchuzi bila ruhusa yako. Kiti chako ni cha mstari wa mbele, upande wa kushoto, ili jicho la kulia lipate shuka lote. Tazama mpaka mwisho, usiende barazani. Leo mkasi nimeuacha nyumbani.

Apolonia Kokushubira
Mkata filamu