Walinifunika Leso Wakadhani ni Roho

Bwana asifiwe, kanisa! Asifiwe na nyinyi mlioketi, asifiwe na hao waliosimama mlangoni kwa kukosa viti! Mimi ni yule yule Mama Mwende wa keki, wa hapa hapa Umoja. Kama umewahi kwenda arusi mtaa huu ukala keki ukaongeza, basi umekula mkono wangu.

Mchungaji ameniomba nisimame leo niwaambie vile Roho alivyonishukia siku ile ya askofu, nikaanguka hapa mbele, wahudumu wakanifunika leso. Tangu siku hiyo nikienda soko la Kariobangi kununua mayai, watu wananishika mikono. "Mama Mwende, siku hiyo ulipokea!" Wengine wanataka niwaombee pale pale kati ya nyanya na vitunguu. Ndugu zangu, nimechoka kuitika. Sikuangushwa na Roho. Niliangushwa na dawa ya mafua, dawa ya kikohozi na brandi ya keki, na kilichonisukuma kuvinywa vyote pamoja ni wivu. Msinipigie makofi bado. Nisikilizeni kwanza.

Mnaijua kwaya yetu. Tangu enzi zile tukiabudu kwenye mabati, solo ilikuwa yangu. Hakuna aliyetangaza, lakini wimbo ukifika pale pa kupanda juu, mwalimu wa kwaya alikuwa ananitazama mimi. Nililipenda lile jicho lake kuliko chakula. Kisha akaja Akinyi.

Akinyi yuko pale, amevaa kitambaa cha kijani, anaangalia chini kwa sababu ana aibu. Ni fundi wa nguo kutoka Mbotela. Siku ya kwanza alikuja mazoezini na raba miguuni, mwembamba hivi, nikasema moyoni, huyu naye atatoa sauti wapi? Akafungua mdomo. Safu nzima ya soprano iligeuka. Hata mimi niligeuka! Na nikaketi, ndugu zangu, kabla hajamaliza ubeti.

Nilimwonea wivu msichana huyu hadi nikajishangaa. Akichelewa mazoezini nafurahi. Akiwahi nasema anajipendekeza. Akinisalimia, "Mum, keki zinaendeleaje?" mimi nasikia ananiambia nimezeeka. Nilikuwa naomba, Ee Bwana, inua kwaya yetu, halafu naongeza chini chini, lakini si kupitia yule. Mume wangu, Baba Mwende, akaniuliza jioni moja, "Kwani huyo mtoto amekukosea nini? Si ameimba tu?" Nikaenda kupakua chakula. Nyama aliyopakuliwa jioni hiyo ilikuwa kidogo sana, na mwenyewe yuko hapa, ni shahidi.

Sasa ikaja Jumapili ya askofu. Wageni, mahema, kwaya imeshonewa nguo mpya. Na siku chache kabla yake, mafua yakanishika. Pua imeziba, kifua kinakwaruza, nikikohoa nasikia mbavu. Mwalimu wa kwaya akanisikia mazoezini, akasema kwa upole, "Mama Mwende, pumzika. Akinyi ataishika solo Jumapili hii."

Ataishika! Kana kwamba solo ni mkoba. Nikamwambia kufikia Jumapili nitakuwa nimepona, na nikatoka pale moja kwa moja hadi kemisti. Yule kijana wa kemisti akanipa tembe za mafua na chupa ya dawa ya kikohozi. Akaniambia vizuri, bila haraka, "Mama, hizi zote zinaleta usingizi. Usizidishe. Na usiguse pombe kabisa." Ndugu zangu, nilimcheka! Nikamwambia, "Kijana, mimi nimeokoka. Pombe nitaitoa wapi?" Nikaondoka nimeinua kichwa.

Pombe nitaitoa wapi. Jumapili asubuhi niliitoa kwenye kabati la jikoni.

Nilikuwa nimeamka sauti bado haijarudi. Nikameza tembe, nikaona hazifanyi kazi upesi, nikaongeza nyingine. Dawa ya kikohozi sikupima na kijiko, nilipiga funda kutoka chupani. Halafu nikakumbuka maneno ya waimbaji, kwamba brandi kidogo na asali na tangawizi inafungua koo. Waimbaji mnaijua hiyo, msinitazame kama wageni! Ile chupa yangu hukaa kati ya vanila na unga. Naitumia kulowekea zabibu za keki za arusi. Miaka yote hii sijawahi kuiona kama pombe. Kwangu mimi ilikuwa kiungo. Na Mchungaji, nisamehe, hata wewe umekula hizo zabibu ukasifu.

Nikamimina kwenye kikombe cha chai, nikanywa. Koo likapata joto, sauti ikatoka kidogo. Nikasema asante Yesu, nikamimina tena. Nilikuwa naona uso wa Akinyi nikimeza. Nilikuwa naona vile atakavyoketi kwenye safu akinitazama mimi nikipanda juu.

Yaliyofuata siyakumbuki sana. Nakumbuka nikimwambia mwalimu wa kwaya nimepona, naye akanirudishia solo. Nakumbuka sakafu ya madhabahu ilikuwa laini kama godoro. Nakumbuka nikidhani naimba vizuri ajabu, kuliko siku zote za maisha yangu. Mengine nimeyaona kwenye simu ya binti yangu Mwende, kwa sababu alikuwa ananirekodi.

Kwenye video, siimbi vizuri. Maneno yanaburuzika. Mwisho wa ubeti wa kwanza nayumba, na kanisa mnaanza kupiga vigelegele kwa sababu mnaona upako. Kisha naanguka chali. Mnashangilia! Mama Kioko, mkuu wa wahudumu, anakuja mbio na leso, ananifunika miguu nisiaibike. Anaitandaza vizuri, anairudisha ncha chini ya visigino. Halafu kila mtu ananiacha pale, maana ndivyo tufanyavyo hapa, mtu akiangushwa na Roho haguswi. Mwalimu wa kwaya anamwashiria Akinyi, naye anachukua kipaza sauti na kuendelea na ubeti wa pili.

Nilikuwa nakufa, ndugu zangu. Chini ya leso nzuri, mbele ya askofu, kanisa zima likishukuru.

Akinyi anaimba. Anakaribia pale pa kupanda juu. Kipaza sauti kilikuwa kinachukua sauti yake, na kati ya mistari kinachukua pia mkoromo. Mkoromo wangu. Unakuja mmoja, kisha kimya kirefu, kisha mwingine. Akinyi anageuza kichwa. Anaanza lile neno la juu, na katikati ya neno anaacha. Anaangusha kipaza sauti, anapiga magoti kando yangu, anaweka sikio kwenye mdomo wangu.

Mama Kioko anamvuta bega. "Wacha Roho afanye kazi, sista!"

Akinyi anapiga kelele. Hii sauti sijawahi kuisikia akiimba. "Huyu si Roho! Skizeni venye anakoroma! Mum wangu alikoroma hivi, tukadhani amelala tu, tukamfunika blanketi! Leteni gari!"

Mama yake alikuwa akimeza vidonge vya usingizi na kunywa bia juu yake. Hakuamka. Akinyi hakuwahi kumwambia mtu yeyote katika kanisa hili. Aliwaambia wote siku hiyo, kwa ajili yangu.

Alinilaza ubavu, akaninyanyua kidevu, wakanibeba hadi gari la mzee wa kanisa, naye akapanda nyuma akiwa ameshika taya langu njia nzima ili hewa ipite. Hospitalini wakaniwekea oksijeni. Nilipozinduka, daktari aliniuliza nimemeza nini, na Baba Mwende alikuwa amesimama hapo, kwa hiyo nikasema yote. Daktari hakunigombeza. Alisema kila kimoja katika vile vitu kinamlaza mtu kidogo, na vikikutana vinalaza hata pumzi. Ningeachwa pale chini hadi mwisho wa ibada, mngekuwa mnanizika.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo aibu yangu ilipo. Mwende aliponionyesha ile video nikiwa kitandani, mirija puani, sikutazama kwanza vile nilivyoanguka. Nilimwambia airudishe nisikie kama Akinyi aliimba ubeti wa pili vizuri kuliko mimi. Nimetoka kaburini, na hilo ndilo nililotaka kujua! Na aliimba vizuri kuliko mimi. Wivu ukanirudia pale pale hospitalini.

Alasiri akaja Akinyi mwenyewe na machungwa kwenye mfuko. Akaketi pembeni ya kitanda, akanimenyea moja. Kisha akasema polepole, "Mum, nilisikia harufu ya pombe. Sijaambia mtu." Nikamuuliza kitu cha kijinga. Nikamuuliza kwa nini aliacha kuimba pale juu, mbele ya askofu, mahali ambapo kila mwimbaji angetamani kufika.

Akanitazama kama mtu ambaye hajaelewa swali. "Si ungekufa, Mum."

Nililia, kanisa. Nililia mpaka muuguzi akaja. Ile sauti niliyoomba isiinuliwe, ndiyo Mungu aliiweka pale initetee. Haleluya! Nani kama Bwana?

Kwa hiyo nawashukuru. Namshukuru Mungu aliyenitoa kwenye shimo nililojichimbia mwenyewe jikoni. Nawasihi pia. Wewe unayemeza dawa ya presha, ya sukari, ya maumivu, ya usingizi, ya mafua tu, usijidanganye kwamba brandi ya keki si pombe, au ile ya mitishamba kwenye chupa si pombe, au glasi moja ya arusi haihesabiki. Mwambie mtu wa kemisti ukweli wote, na akikuonya usimcheke. Na kama umebeba wivu juu ya mtu aliyeketi safu moja na wewe, ulete kwa Yesu huo wivu kabla haujakushikisha kikombe. Yeye hakukimbia wangu. Mwamini, hatakimbia wako.

Sitawadanganya kwamba wangu umekwisha. Akinyi ndiye solo sasa, na kila Jumapili akipanda juu nasikia kitu kinanichoma hapa. Lakini nasikia nikiwa napumua.

Mama Kioko, njoo. Leso yako hii, nimeifua na kuipiga pasi. Ukiniona nimeanguka tena, nifunike, nakuomba, sitaki kuaibika. Ila kwanza uniinamie, usikie kama pumzi ipo.

Na wewe Akinyi, simama, mwanangu. Tumalizie ule ubeti uliouacha kwa ajili yangu. Mimi nitaketi pale mbele nikusikilize mpaka mwisho, na mkiniona nimenuna kidogo, mniombee.