Rupert Luambano na Redio ya Mama

Ndugu waombolezaji, tunayemzika leo hapa Mpitimbi ni Rupert Hironimus Luambano, ambaye wengi wenu mlimwita Baba Calvin. Wasifu huu umeandikwa na mdogo wake, Dastan, kwa niaba ya familia. Marehemu mwenyewe angeusoma vizuri zaidi, na hapana shaka angeongeza mambo.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 hapa hapa kijijini, mtoto wa kwanza wa Mzee Hironimus Luambano, mkulima wa mahindi na tumbaku, na Mama Lidwina. Marehemu mama yetu alikuwa akisema kwamba Rupert alianza kuongea kabla hajatembea. Waliomfahamu hawakuwahi kumbishia mama.

Alisoma shule ya msingi hapa Mpitimbi kuanzia mwaka 1969 hadi 1975, kisha akachaguliwa kwenda seminari ndogo. Huko alikipata Kiingereza chake, na huko pia walimgundua. Mapadri walipowaonyesha wanafunzi filamu, kesho yake Rupert aliwasimulia tena wenzake, na katika masimulizi yake waliokufa walikuwa wazima. Padri gombera, mkuu wa seminari, alimwita akamwambia, "Rupert, wewe ukipewa mimbari utawaongezea waumini Injili ya tano." Alimaliza kidato cha nne mwaka 1979, akarudi nyumbani bila kinyongo na padri yule.

Alijifunza ufundi wa redio Songea mjini, na mwaka 1991 akafungua kibanda cha video katika mtaa wa Mfaranyaki. Wateja wake wengi hawakujua Kiingereza. Kwa hiyo alisimama kando ya televisheni na kipaza sauti, akatafsiri kila neno, mara mwanamume, mara bibi kizee, mara mashine inayoungua. Kilichompa jina ni mfululizo mmoja wa mambo ya anga. Ulikuwa na jina refu la Kizungu, lakini Mfaranyaki waliuita Redio ya Mama. Ulimhusu rubani kijana aliyepotea huko kwenye nyota na chombo chake, na mama yake duniani aliyemwita kwa redio kila jioni bila kujua kama anasikika. Chombo kilikuwa cha maboksi matupu; rubani akiegemea ukuta, ukuta ulitikisika. Rupert alikipenda hivyo hivyo, na mteja aliyecheka alionyeshwa mlango.

Mwaka 1998 kanda zikaisha. Walioutengeneza waliacha kazi njiani, kijana hajarudi na mama bado anaita. Wateja walikataa kuondoka. Ndipo Rupert alipoirudisha kanda ya mwisho mwanzo, akaizima sauti, akawamalizia mwenyewe. Kijana alitua, akaenda kwao kwa miguu, ndevu zimemjaa, akabisha hodi. Mama hakumuuliza alikuwa wapi. Alimuuliza kama amekula. Watu wazima walilia kwenye yale mabenchi, na kwa miaka mingi Mfaranyaki iliamini kwamba hivyo ndivyo mambo yalivyokwisha.

Marehemu alifunga ndoa takatifu na Theodosia, binti wa Namtumbo, tarehe 12 Oktoba 1985. Mungu aliwajalia watoto watatu: Calvin mwaka 1986, Pamela mwaka 1989 na Saimon mwaka 1993. Walipendana kwa utani na kwa kununiana, na kununa kwao hakukuwahi kufika siku ya pili, kwa sababu Rupert hakuweza kukaa kimya muda wote huo.

Mwaka 2007 Calvin alikwenda Tunduru kwenye machimbo ya vito. Alikuwa akipiga simu, kwa simu za watu. Ya mwisho ilikuwa Pasaka ya mwaka 2009, akasema anakuja. Hakuja. Rupert alifunga kibanda akapanda basi la Tunduru, na huko akakutana na Bwana Iddi Muhsini, mfanyabiashara wa korosho, aliye nasi hapa leo. Bwana Iddi alimpokea kama ndugu, akamzungusha kambi moja hadi nyingine. Walipata watu waliowahi kula na Calvin. Hawakupata aliyemzika. Rupert alirudia safari hiyo kila mwaka hadi magoti yalipomkatalia, na kila mara aliporudi jibu lilikuwa lile lile.

Theodosia hakuwa mpenzi wa video hata kidogo. Lakini katika miaka hiyo alianza kumwambia mumewe baada ya chakula, "Baba Calvin, hebu nisimulie yule kijana." Naye akamsimulia, tangu kutua mpaka hodi. Hakuna mtu nyumbani aliyehitaji kuambiwa ni kijana gani aliyekuwa akingojwa. Hivyo ndivyo wawili hawa walivyoishi na jambo lao, na anayetaka kuwahukumu kwanza apotelewe na mtoto.

Novemba 2024 sauti yake ilianza kukwaruza, na vipimo vikaonyesha saratani ya koo. Alikuwa katikati ya matibabu, Aprili mwaka huu, Pamela alipomletea habari kwamba Redio ya Mama inatengenezwa upya. Furaha ilimpanda, kisha hofu ikaifuata. Alimpigia simu Bwana Iddi.

"Wenyewe wamerudi," alimwambia. "Sasa watasema kijana yuko wapi."

"Wewe Mngoni, hiyo ni filamu," Bwana Iddi alimtania.

"Najua ni filamu."

"Basi mbona naambiwa huli?"

Mfululizo ulipoanza kuonyeshwa mwezi Juni, alikuwa wa kwanza kukaa na wa kwanza kulalamika. Chombo kipya kinang'aa kama sufuria ya harusi. Rubani mpya ana meno mengi mno. Mama ni yule yule mwigizaji wa zamani, sasa mvi tupu, na hapo Rupert hakuwa na la kusema. Wimbo wa zamani ulipopigwa kwa vyombo vipya alisema wameuharibu, kisha akamwomba Pamela aurudie. Kila Jumamosi Pamela aliunganisha simu na televisheni, na Rupert akatafsiri kwa sauti iliyobaki, akimeza maji kila baada ya maneno machache. Tulimsihi aache. Akasema Mama Calvin hawezi kuangalia midomo ya watu inacheza tu.

Sehemu ya mwisho ilionyeshwa tarehe 2 Agosti. Bwana Iddi alisafiri kutoka Tunduru, na wateja wachache wa zamani walijazana sebuleni. Chombo cha kijana kilipatikana, kitupu. Yule mama mwenye mvi alikaa mbele ya redio yake akasema maneno machache kwa Kiingereza, kisha akanyoosha mkono kwenye swichi. Sebule nzima ikamgeukia Rupert. Theodosia hakuelewa hata neno moja. Mumewe angeweza kumwambia lolote, na wengi wetu tulitamani aseme lile la kwake.

Rupert alimwangalia mkewe. Kisha akasema, kwa sauti iliyosikika kwa shida, "Anasema mwanawe amekufa. Amechoka kungoja, anazima redio."

Theodosia aliiangalia televisheni.

"Azime yake," alisema, akainuka kwenda kuchukua chai.

Rupert alilia mbele yetu sote, na Bwana Iddi akamshika bega mpaka alipotulia. Baadaye alimwambia mdogo wake kwamba alitaka kuongopa, alikuwa na maneno tayari, ila alipomwangalia mkewe usoni alishindwa. Hakukasirika na waliotengeneza mfululizo ule. Alisema ni haki yao kuumaliza, na mama yule aliigiza vizuri kuliko zamani. Alisema pia kwamba angefurahi zaidi kama wasingerudi.

Baada ya hapo sauti ilikwisha kabisa. Aliaga dunia Jumanne tarehe 9 Septemba 2025, saa kumi na moja alfajiri, nyumbani kwake Mfaranyaki, akiwa amepokea sakramenti zote na mkono wake ukiwa mkononi mwa Theodosia. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, jumuiya ndogondogo, majirani wa Mfaranyaki na ndugu zetu wa Tunduru.

Wiki mbili kabla ya kufariki, marehemu aliomba aonyeshwe wasifu huu ulipokuwa ukiandaliwa. Mahali pa watoto anaowaacha, mwandishi alikuwa amewataja wawili, kwa kuona aibu kuandika jambo asilo na hakika nalo. Rupert hakuweza tena kusema. Aliweka kidole pale, juu ya jina la Pamela, akakibonyeza na kumkazia mdogo wake macho, mpaka jina la Calvin likaandikwa.

Marehemu ameacha mjane, Theodosia, watoto watatu, Calvin, Pamela na Saimon, wajukuu wanne, na wadogo zake wawili, Leticia na Dastan. Yeyote atakayemwona Calvin amwambie kwamba baba yake amezikwa leo, na mama yake yuko nyumbani.

Mungu ampokee Rupert, ampumzishe kwa amani. Kungoja tutaendelea nako sisi.