Kisu Kilichorudi Jikoni

Mheshimiwa Mganga Mkuu, Ndugu Matroni, wauguzi, wageni waalikwa, na nyinyi kina mama wenzangu mliokuja na watoto mgongoni: habari za mchana. Nimepewa nafasi ya kumuaga mshauri wetu, huyu tunayemwita Dada Ngoja, anayestaafu leo. Kwa kuwa mwanangu hakunilaza jana, nikisinzia mnigutue.

Nilipojifungua, kila nikishika kisu wazo lilinijia: je, nikimchoma mtoto? Nampenda kuliko pumzi yangu, na wazo lenyewe nililichukia, lakini nani angeniamini? Nikavifungia visu vyote kabatini kwa mama mkwe, nikasema vina kutu. Basi tukala kabichi ya kuchana kwa mikono na vitunguu vya kuponda kwa mchi, hadi mume wangu akauliza kama tuna ugomvi na mboga.

Na kutwa nilimuuliza mama mkwe, "Mama, mimi ni mtu mzuri?" Naye, "Mzuri, mwanangu." Natulia kidogo, nauliza tena.

Nilipokuja hapa nilimkumbatia mtoto kwa nguvu, nikijua watamchukua. Dada Ngoja alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Wazo si nia, mama. Ungekuwa unalitaka, ungevificha visu? Huu ni ugonjwa, wengi wanao, na unatibika. Ila mgeni siku ya tatu hupewa jembe, na wewe hofu unaipikia kila siku."

Jembe lenyewe ni hili: alikuja nyumbani, akavitoa visu, akaniketisha nikate kitunguu, mtoto kwenye mkeka pembeni yangu. Nikashika kisu, nikakiweka chini.

"Dada, niache?"

"Ngoja."

"Mama, mimi ni mtu mzuri?"

Mama mkwe, ambaye alikuwa ameshafundwa na Dada asinitulize, akanijibu, "Sijui. Kata kitunguu."

Jamani, ni wakwe wangapi hapa wangependa kupewa ruhusa hiyo na hospitali?

Nikakata, nikalia, na hadi leo sijui kama kilichoniliza ni hofu au kitunguu. Hofu ikapanda, ikakaa, ikachoka yenyewe. Haikwisha siku ile. Tulirudia wiki baada ya wiki, kwanza na yeye, kisha na mama mkwe, mwishowe peke yangu. Mawazo bado hunipitia. Nayaacha yapite, napika.

Dada, wote walinibembeleza kwa mapenzi, nami nikazidi kuugua. Wewe ulininyima jibu, ukabaki umekaa nami. Hiyo si kazi ndogo, na mshahara hauilipi.

Na wewe mama uliyeketi humu na wazo usiloweza kumwambia hata mumeo, ukihofia kunyang'anywa mtoto: mshauri mpya anaanza Jumatatu, chumba ni kilekile. Ingia na mwanao, useme. Utatoka naye.

Asanteni kwa kunipa masikio yenu.